Somo la programu halisomwi kwa madesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaoanza mwaka wa kwanza chuoni, wazazi wao, na walimu wenzangu, kuhusu somo la utangulizi wa programu za kompyuta. Matokeo yakitoka, waliosapu somo hili (walioshindwa na kutakiwa kurudia mtihani) hawakosekani, na wengi wao si wavivu. Wamekesha. Madesa (noti za kusomea) wameyamaliza. Wanakutajia maana ya kigeu (jina la kutunzia thamani) na aina za vitanzi (amri za kurudia kazi) bila kukwama, lakini wape kibodi uwaambie waandike programu ya kujumlisha nauli za abiria watatu, vidole vinaganda.

Wamelisoma kama Historia, basi. Kumbe kuandika programu ni kazi ya mikono, na jirani yake wa karibu ni ushonaji. Mtu anaweza kumaliza kitabu kizima cha mitindo na bado asijue kutia uzi kwenye cherehani.

Madesa yenyewe yana matatizo yake. Yale ya kutoa kopi steshenari, yanayorithiwa mwaka hadi mwaka, mara nyingi yamechakaa na mwanafunzi hana wa kumwambia. Dalili ni hizi. Ukiona mfano wa Python (lugha ya kuandikia programu) umeandikwa print "Habari" bila mabano, hiyo ni Python 2, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia Januari 1, 2020. Kwenye Python 3 mstari huo haupiti. Ukiona mfano wa lugha ya C++ unaanza na #include <iostream.h>, tena una clrscr() na void main(), umeshika mabaki ya Turbo C++, kompaila (programu ya kutafsiri msimbo kwa mashine) ya Borland iliyotamba miaka ya 1990. Kompaila za sasa iostream.h haziitambui kabisa. Kijana ananakili herufi kwa herufi, mashine inakataa, anaamini yeye ndiye hana kichwa cha kompyuta. Wiki ya kwanza imeshapotea, na desa limebaki mezani likiheshimiwa.

Wazazi nao wanababaishwa Kariakoo. Muuzaji akisikia tu "mtoto anakwenda kusomea kompyuta", anatoa mashine ya bei ya kiwanja. Kwa somo hili la mwanzo laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 4 inatosha, na ya GB 8 yenye diski ya SSD ni raha tupu. Kabla hela haijatoka mfukoni, fungua Notepad na ubonyeze kila kitufe, hasa mabano ya aina zote, nukta mkato, nukta pacha na alama za kunukuu, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyobonyezwa kutwa. Kisha uliza ni Windows ipi. Windows 7 mwisho wake ni Python 3.8, kuanzia 3.9 haiingii. Hata hivyo 3.8 inatosha kwa utangulizi, au waweza kuweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) nyepesi kama Lubuntu, ambayo huja na Python ndani.

Asiye na laptopu asikae mikono mitupu akisubiri bumu (fedha za mkopo wa chuo). Pydroid 3 kwenye simu ya Android inaendesha Python bila kula bando ukishaipakua, na ndani ya app ya Termux ukiandika pkg install clang unapata kompaila ya C. Kuandika kwa kidole gumba kunachosha. Lakini aliyeandika programu tano kwa gumba atamzidi aliyetazama video hamsini.

Kupakua fanyeni chuoni kwenye Wi-Fi; faili la kusakinishia Python kwenye Windows ni kama MB 30. Dirisha la kwanza likifunguka, chini kabisa kuna kisanduku kilichoandikwa Add python.exe to PATH. Kiwekee tiki kabla ya kubonyeza kitu kingine. Ukikiruka, baadaye ukiandika python utaambiwa neno hilo halijulikani, au itafunguka Microsoft Store, uanze kutafuta mchawi. Pa kuandikia, IDLE inayokuja na Python yenyewe inatosha, au Thonny. Visual Studio kamili, yenye kumeza GB kadhaa, iacheni kwanza. Halafu iambie Windows ionyeshe viambishi vya mafaili, maana kwa kawaida huvificha, na ukiandikia Notepad utahifadhi nauli.py kumbe ni nauli.py.txt. Na faili lako usiliite random.py. Siku utakayohitaji moduli ya random (ya kutoa namba za bahati nasibu), Python italichukua faili lako badala ya moduli, na utahangaika mpaka usiku.

Sasa kazi yenyewe. Hii ndiyo programu ya abiria watatu:

jumla = 0
for abiria in range(3):
    nauli = int(input("Nauli: "))
    jumla = jumla + nauli
print(jumla)

Mistari mitano tu. Tuseme wa kwanza na wa pili wanalipa 600 kila mmoja na wa tatu ni mwanafunzi, analipa 200. Inatoka 1400. Anayesoma kwa madesa anaikariri na kufunga daftari hapo. Anayesoma kwa mikono ndiyo kwanza anaanza, kwa sababu sasa anaivunja makusudi.

Hamisha jumla = 0 uiweke ndani ya kitanzi, chini ya for. Programu inakwenda vizuri, haitoi ujumbe wowote wa kosa, na inakupa 200. Kwa nini? Kila abiria anapofika, mkoba wa konda unamwagwa na kuanza upya, kwa hiyo mwishoni imebaki nauli ya abiria wa mwisho. Kosa hili utakutana nalo mwaka mzima. Lirudishe, kisha isukume print iingie ndani kwa nafasi nne. Sasa zinatoka namba tatu: 600, 1200, 1400. Hapo umeona kwa macho yako kwamba kwenye Python nafasi za mwanzo wa mstari si pambo. Ndizo zinazosema kipi kimo ndani ya kitanzi na kipi kiko nje. Ondoa int. Python inagoma na kutaja TypeError, kwa sababu input huleta maandishi hata kama umebonyeza namba, na haikubali kujumlisha 0 na maandishi. Na ungekuwa umejumlisha vya input viwili moja kwa moja, 600 na 200, ingekupa 600200 bila kulalamika. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa programu iliyonyamaza unaiamini.

Mwisho rudisha int, halafu jaza nauli kama tunavyoandika dukani: 600/=. Inakufa kwa ValueError. Andika 1,000 yenye koma, inakufa vilevile. Mtumiaji halisi ndivyo atakavyoandika, na swali la namna ya kumshughulikia ni la wiki ya saba au ya nane, lakini ni vizuri likukere tangu wiki ya pili.

Ujumbe wa kosa wengi wanaufunga haraka kama tangazo kwenye simu. Ndiyo kosa kubwa kuliko makosa yote niliyoyataja. Kwenye Python anza kusoma mstari wa mwisho, unaotaja aina ya kosa, kisha panda juu utafute namba ya mstari. Kwenye C fanya kinyume: soma kosa la kwanza tu, lirekebishe, kisha kompaili tena, maana bano moja la kupinda lililosahauliwa laweza kuzaa makosa ishirini ambayo hayapo. Na namba ya mstari si ya kuaminiwa kama Msahafu. Python kabla ya 3.10, yaani hata hiyo 3.8 ya Windows 7, ukisahau kufunga bano mstari wa nne mara nyingi inalalamikia wa tano. Kuanzia 3.10 inataja bano lenyewe ambalo halijafungwa. Kwa hiyo mstari ulioonyeshwa ukiwa safi, tazama ulio juu yake.

Kuna wanaosema kikwazo ni Kiingereza. Sikatai moja kwa moja, lakini kipimwe kwa haki. Python ina maneno yake maalumu 35, na C ya kiwango cha 1989 ina 32. Muhula wa kwanza hutumii hata nusu. Majina mengine yote ni yako: ita kigeu chako nauli, idadi, wastani, kompyuta haijali. Kiingereza kinachohitajika ni cha ujumbe wa makosa, na maneno yake yanajirudia. Expected ni "nilitarajia kukuta", undefined na not defined ni "hiki sikijui", invalid ni "si halali". Andika kumi ya namna hiyo nyuma ya daftari pamoja na maana zake, na mnapojadili na wenzako jadilini kwa Kiswahili. (Ingawa Kiswahili nacho kina vituko vyake: vijana husema "nakodi usiku kucha" wakimaanisha wanaandika programu, na mama mzazi anajiuliza anakodi nini usiku huo.)

Kingine kinachoangusha watu ni WhatsApp. Si kwamba wananakiliana, hilo lina mjadala wake. Programu iliyopita kwenye Word, au iliyochapwa kwenye simu yenye kujifanya inajua uandishi mzuri, hubadilishiwa alama za kunukuu zilizonyooka zikawa zile zilizopinda. Kwa jicho ni zile zile. Kwa Python ni herufi ngeni kabisa, na matoleo mapya ya Python yatataja U+201C, namba ya alama hiyo. Futa alama hizo na uzichape upya kwa mkono wako. Vivyo hivyo mistari ya wawili ikiunganishwa, mmoja alitumia kitufe cha Tab na mwingine nafasi nne, inatoka TabError huku kwenye kioo kila kitu kimepangika. Tumeni faili lenyewe la .py, msitume maandishi.

Wanaofundishwa C wana mitego yao, na ni mibaya kwa sababu C haikuonei huruma wala haikuonyi sana. Gawa 9 kwa 2 zikiwa namba kamili unapata 4, siyo 4.5, na wastani wa alama za darasa zima unakuwa wa uongo. Geuza mojawapo iwe 2.0. Sahau & kwenye scanf (amri ya C ya kupokea ingizo), programu inakubali kukompailiwa kisha inaanguka ikianza kupokea namba. Andika if (x = 5) badala ya x == 5, sharti linakuwa kweli daima. Weka nukta mkato mwishoni mwa mstari wa for, kitanzi kinazunguka mikono mitupu na kazi uliyoikusudia inafanyika mara moja tu. Safu (array, orodha ya thamani) ya nafasi 5 inahesabiwa 0 hadi 4. Ukigusa ya 5 unaweza kupewa namba za ajabu na hakuna atakayekuambia. Kwa wa Java neno moja: jina la faili na la darasa (class) la public viwe sawasawa, hata herufi kubwa na ndogo.

Muda. Kwa hesabu ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti moja ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo somo la krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Mhadhara na maabara vikichukua 4, zinabaki 4 zako binafsi, nazo ukizirundika Jumapili usiku hazikusaidii. Dakika 40 kwa siku, siku sita, ndizo hizo hizo saa 4, na mikono haisahau. Katika kila kikao hifadhi kazi kila baada ya mistari michache, maana kompyuta ya mezani umeme ukikatika haikusubiri.

Kalamu na karatasi zina kazi, lakini siyo ya kunakili madesa. Chora jedwali: safu moja kwa kila kigeu na moja ya kinachotoka kwenye kioo. Pita programu mstari kwa mstari ukijifanya wewe ndiye mashine, na andika thamani kila inapobadilika. Mfano, kitanzi cha for i in range(1, 5) kinachojumlisha i: wengi watakuambia jibu ni 15. Jedwali litakuonyesha i ni 1, 2, 3, 4, halafu basi, jumla 10, kwa sababu namba ya mwisho kwenye range haiguswi. Ukikaa na mwenzako kwenye mashine moja, kibodi ashike anayejua kidogo, na anayejua zaidi atumie mdomo tu. Wengi hufanya kinyume, na mmoja anaondoka ametazama sinema.

Akili mnemba haikwepeki tena, wala siwaambii vijana waiogope. Ila kuipa swali la asaimenti na kubandika jibu ni desa lile lile lililovaa suti. Iulize ujumbe huu wa kosa una maana gani. Ikikupa programu nzima, ifunge, subiri kesho, fungua faili tupu na uiandike mwenyewe. Ukikwama mstari wa pili, hukuwa umeielewa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Tunawapima wapi hawa vijana? Katika vyuo vingi alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho 60, na sehemu kubwa ya hizo zote ni kalamu na karatasi. Tunawaambia programu ni vitendo, kisha tunawapa swali la "eleza tofauti kati ya while na for, toa mifano", na wao wanajibu kwa busara: wanakariri. Testi ya kwanza iwe wiki ya tatu, kwenye mashine, dakika 30, swali dogo la aina ya abiria watatu. Atakayeshindwa ajulikane mapema, kukiwa bado kuna wiki 12 za kumshika mkono. Asaimenti nayo iwe na dakika 5 za kuitetea: "badilisha ihesabu abiria wanne, na nauli chini ya 300 uihesabu kuwa ya mwanafunzi, fanya hapa mbele yangu." Aliyeiandika anafanya kwa dakika mbili.

Najua jibu: darasa lina watu 200. Dakika 5 kwa kila mmoja ni dakika 1,000, karibu saa 17, hakuna mwalimu wa hivyo. Basi pigeni kura, mmoja kati ya watano, majina yatajwe siku ile ile. Ni watu 40, saa 3 na dakika 20, na 160 waliobaki watajiandaa kwa kuwa hawakujua kura itamwangukia nani. Na swali la karatasi likibaki, liwe la kufuatilia programu kwa jedwali au la kutafuta mstari wenye kosa, wala tusimkate mtu alama tatu kwa nukta mkato ambayo kompaila ingemkumbusha kwa sekunde moja. Maabara pia ziwe na folda moja ya faili za kusakinishia, kijana achukue kwa flashi na bando lake abaki nalo.

Kwa ambao sapu imeshawafika, wiki nne za kabla ya mtihani zinatosha zikitumika kwa mikono. Ya kwanza ni vigeu, input na if, programu ndogo 10, mojawapo iwe ya chenji: 7,800 ni noti na sarafu ngapi, kwa kutumia // (kugawa bila desimali) na % (baki) kuanzia 5,000 kushuka hadi 100. Inatoka moja ya 5,000, moja ya 2,000, hakuna ya 1,000, moja ya 500, moja ya 200 na moja ya 100. Ya pili ni vitanzi, nyingine 10, kila moja na jedwali lake. Ya tatu ni orodha au safu, na kuigawa programu katika vipande vyenye majina. Ya nne chukua mtihani wa zamani, ujibu kwa kalamu ndani ya muda wake, kisha uchape ulichoandika kama kilivyo, bila kurekebisha hata koma, na uhesabu mashine imekukatalia mara ngapi. Rudia na mtihani mwingine kesho yake.

Mwalimu wa maabara ya kompyuta,
Mabibo, Dar es Salaam